Kamba Hupata Wapi Wekundu Wake? Chembe za Mwani katika Chakula cha Kamba wa Kufugwa

  

Katika darasa la tafsiri tulifika Sura An-Nahl, aya ya 14, inayozungumzia bahari na neema ya chakula tunachokipata humo. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, kamba akiwa hai ni wa kijivu. Mama akimtia chunguni anakuwa mwekundu. Huo wekundu unatoka wapi?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutauliza wanaojua na kusoma, kisha tutamjibu. Tulipoanza kutafuta tukaona kuwa swali hilo dogo limebeba mambo mengi: ufugaji wa kamba, riziki ya watu, na hata dagaa walioko jikoni kwetu. Makala haya ndiyo jibu letu.

Wekundu ulikuwemo tangu mwanzo

Moto hauleti rangi mpya kwa kamba. Wekundu umo ndani ya gamba lake tangu yu hai. Rangi hiyo wataalamu huiita astaksanthini. Kwa kamba aliye hai, rangi hiyo imeshikamana na protini, na kwa kushikamana huko huonekana ya kijivu, ya buluu au ya kahawia. Joto la chungu likiifikia ile protini, protini huharibika na kuiachia rangi. Hapo ndipo tunapouona wekundu wake wa asili.

Basi swali linasogea hatua moja mbele: rangi yenyewe kamba aliipata wapi? Hawezi kuitengeneza mwanzo hadi mwisho kwa mwili wake. Ni lazima aipate katika chakula, ama ikiwa tayari, ama akipata rangi nyingine za jamaa yake, kama ile ya karoti, ambazo mwili wake huzigeuza. Baharini rangi hizi huanzia kwa viumbe wadogo mno, nao ni chembe za mwani.

Jambo hili linafanana na la ndege heroe, ambao wengi huwaita flamingo, wa Ziwa Natron, Bogoria na Nakuru. Kifaranga cha heroe huzaliwa cha kijivu. Heroe wadogo wa maziwa hayo ya magadi hula zaidi kijimea kidogo cha kijani kiitwacho spirulina, na ndani ya ukijani huo zimo rangi zinazowafanya ndege wale wawe wa waridi.

Chembe za mwani ni nini?

Watu wa pwani mwani tunaujua. Akina mama wa Unguja, Pemba, Tanga na Kwale huufunga kwenye kamba (zile za kufungia, si hawa wa kuliwa), wakauvuna, wakauanika na kuuza. Huo ni mwani mkubwa unaoshikika kwa mkono. Chembe za mwani tunazozizungumzia hapa ni kitu kingine. Kila kimoja ni seli moja tu, kisichoonekana ila kwa hadubini. Nyingine ni ndogo kiasi kwamba mia moja zikipangwa mstari hazifiki urefu wa milimita moja. Maji yakiwa nazo nyingi huwa ya kijani au ya hudhurungi.

Pamoja na udogo wao, viumbe hawa hufanya kazi ya mti. Huchukua mwanga wa jua, hewa ya ukaa na madini yaliyomo majini, wakatengeneza chakula. Takribani nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani hutokana na viumbe wadogo wa aina hii walioko baharini. Uduvi na samaki wadogo huwala, samaki wakubwa huwala wale wadogo, na mwisho wa safari ni sahani zetu.

Ziko aina nyingi sana. Nyingine zina ganda gumu mithili ya kioo, nazo huitwa dayatomu. Spirulina, kwa usahihi, wataalamu huihesabu katika bakteria wa kijani-buluu, lakini katika biashara huwekwa fungu moja na chembe za mwani, nasi tutafanya hivyo hivyo. Wala kuila si jambo jipya. Kando ya Ziwa Chad, akina mama wa Kikanembu, ambao ni Waislamu kama sisi, wameichota tangu zamani katika madimbwi ya magadi, wakaichuja, wakaianika juani na kuiuza sokoni kwa jina la dihé, ikapikwa mchuzi.

Chakula cha kwanza cha kamba

Ufugaji wa kamba wa zama hizi usingekuwepo bila chembe za mwani. Mwaka 1934 mtaalamu wa Kijapani, Motosaku Fujinaga, alifanikiwa kuwafanya kamba watage na mayai yaanguliwe chini ya uangalizi wake. Lakini kuangua ni jambo moja, na kulea ni jambo jingine. Alihitaji kujua vichanga vile vinakula nini. Jibu alilolipata ni dayatomu iitwayo Skeletonema, na utafiti wake aliuchapisha mwaka 1942. Wafugaji wa leo wanatembea juu ya njia aliyoifungua.

Tuangalie hatua zenyewe. Kamba jike wa aina ya vannamei, anayefugwa zaidi duniani, hutaga mayai kati ya laki moja na laki mbili na nusu kwa mara moja. Yakianguliwa, kichanga huishi kwa kiini cha yai kwa muda wa siku mbili hivi. Kiini kikiisha huingia hatua ya pili, ya siku nne au tano, nayo ndiyo hatua ya hatari. Mdomo wake ni mdogo na hawezi kushika windo, kwa hiyo hula kile tu kinachoelea mbele yake. Asipozikuta chembe za mwani majini, hufa. Baada ya hapo huingia hatua ya tatu, akaanza kula na vijidudu vidogo, kisha huwa kifaranga kamili anayefanana na kamba tunayemjua. Tangu yai mpaka kifaranga ni siku kumi hadi kumi na mbili.

Kwa sababu hii kila kituo cha kutotolea vifaranga vya kamba huwa na chumba cha kulimia chembe za mwani. Huanza na mbegu safi katika chupa ndogo, kwa maji ya bahari yaliyochujwa na kuuliwa vijidudu. Hutiwa mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, na kwa dayatomu huongezwa madini ya kujengea ganda lao. Huwekewa taa na kupulizwa hewa. Zikiongezeka huhamishiwa chupa kubwa, kisha pipa, kisha tangi. Uchafu kidogo ukiingia katika chupa ya kwanza, huharibu mpaka tangi la mwisho. Hapo wanafunzi wetu watakumbuka somo la twahara: msingi ukinajisika, kilichojengwa juu yake hakisimami.

Nyongeza katika chakula cha bwawani

Kifaranga akihamishiwa bwawani hulishwa chakula cha punje. Punje hizo hutengenezwa kwa unga wa samaki, soya, ngano, mafuta ya samaki, vitamini na madini. Chakula mara nyingi humla mfugaji nusu ya gharama zake zote au zaidi. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuchanganya chembe za mwani zilizokaushwa na kusagwa. Kwa kawaida huwa kiasi kidogo, asilimia chache tu. Kwa mfano, zikiwa asilimia 2, mfuko wa chakula wa kilo 25 utakuwa na nusu kilo ya unga wa mwani. Nusu kilo hiyo inafanya kazi gani?

Kazi ya kwanza ni rangi. Kamba wanaofugwa kwa msongamano hutegemea punje tu, na punje zikikosa rangi zile wao nao hupauka. Wafugaji wa kambamiti weusi huko Asia waliwahi kuona kamba wao wanageuka buluu, na wakipikwa hawaiivi rangi, bei ikaanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wakilishwa astaksanthini rangi yao hurudi. Leo rangi hiyo hutoka viwandani au katika chembe za mwani ziitwazo Haematococcus. Habari za chembe hizi zinashangaza. Zikiwa katika raha ni za kijani. Zikikosa mbolea na kupigwa na jua kali, hujifunika na kutengeneza astaksanthini ya kujikinga, zikawa nyekundu kama damu. Hazina yao hutoka wakati wa shida.

Kazi ya pili ni mafuta. Tunasikia kuwa samaki wana mafuta mazuri yanayoitwa omega-3, yanayofaa moyo na ubongo. Lakini samaki na kamba huyatengeneza kidogo sana. Wameyapata kwa kula, na aliyeyatengeneza kwanza ni kile kiumbe kidogo kabisa. Hivi leo viko viumbe vya jamii hiyo, kama vile Schizochytrium, vinavyokuzwa ndani ya matangi kwa kulishwa sukari, hata bila ya jua, kisha mafuta yao yakaingizwa katika chakula cha mifugo ya majini. Kwa maneno mengine, badala ya kupitia kwa samaki, mfugaji huenda kwenye chanzo.

Kazi ya tatu ni afya. Kamba hana kinga ya mwili inayokumbuka ugonjwa kama yetu, kwa hiyo hachanjwi kama tunavyochanjwa sisi. Maradhi yakiingia bwawani huteketeza kwa siku chache. Ugonjwa wa kufa mapema ulioanza China mwaka 2009 ulienea Vietnam, Malaysia na Thailand, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walitangaza kuwa chanzo chake ni bakteria wa jamii ya vibrio. Thailand ilipoteza karibu nusu ya mavuno yake. Kwa majirani zetu, virusi vya madoa meupe vilipiga mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagascar mwaka 2012. Wafugaji wengine walikimbilia kumwaga antibiotiki, jambo linalozalisha bakteria sugu na kuacha dawa katika nyama. Chembe za mwani zina sukari maalumu na rangi ambazo, katika majaribio mengi, zimeonekana kuziamsha seli za kinga za kamba na kumpa nguvu zaidi ya kuhimili maradhi. Tuseme wazi: hii si dawa ya kuponya bwawa lililokwisha kuugua. Ni kama mtoto aliyelishwa vizuri, ambaye homa ikija humkuta ana nguvu.

Dagaa wetu wanahusikaje?

Huenda mzazi akasema, "Kamba wenyewe hatuwamudu, haya yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa sababu ya unga wa samaki.

Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 wanyama wa majini waliofugwa walifikia tani milioni 94.4 na kwa mara ya kwanza wakawazidi waliovuliwa. Kamba wa vannamei peke yake alikuwa tani milioni 6.8. Mifugo yote hiyo inataka kula. Mwaka huo huo takribani tani milioni 17 za samaki zilisagwa kuwa unga na mafuta. Ili kupata kilo moja ya unga wa samaki huhitajika kilo nne hadi tano za samaki wabichi, na wengi wao ni samaki wadogo ambao mwanadamu angeweza kuwala.

Huko Senegal, Gambia na Mauritania wavuvi na akina mama wachuuzi wamelalamika miaka mingi kwamba viwanda vya unga vinawanyang'anya samaki aliyekuwa kitoweo cha maskini. Kwetu, sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia katika chakula cha kuku na samaki. Mwenye kiwanda ananunua kwa tani, na mama mwenye watoto watano ananunua kwa kikombe. Wakishindana sokoni, tunajua nani atashindwa. Kwa hiyo kila gramu ya protini na mafuta inayoweza kutoka katika tangi la mwani badala ya wavu wa dagaa ni nafuu kwa sahani ya mnyonge. Kwa maoni yetu, hii ndiyo faida kubwa kuliko rangi na kuliko bei.

Mipaka na tahadhari

Elimu isiyotaja mipaka humpoteza mwenye nayo. Kwanza, unga wa chembe za mwani bado ni ghali ukilinganishwa na unga wa samaki na soya, kwa sababu kuzilima, kuzichuja na kuzikausha kunataka umeme na uangalizi. Ndiyo maana kwa sasa huingia zaidi kama nyongeza ndogo, haujawa chakula chenyewe. Pili, baadhi yake, kama Chlorella, zina ukuta mgumu wa seli. Zisipovunjwa vizuri hupita tumboni mwa kamba bila kumfaa. Tatu, kuzidisha si kuboresha. Zikizidi, punje hubadilika na kamba hashibi inavyotakiwa. Nne, si kila kijani ni salama. Ziko aina zenye sumu, basi mtu asichote utando wa kijani mtaroni akadhani amepata spirulina.

Tano, wako wafanyabiashara wanaouza unga wa kijani kwa vijana wanaoanza kufuga, wakiwaambia kuwa unatibu kila ugonjwa na utaongeza mavuno maradufu. Kijana asinunue kabla hajauliza ni aina gani, ina protini kiasi gani, na imepimwa wapi. Tunakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini limelowana, akamkemea muuzaji kwa kuwaficha watu. Unga wenye sifa za uongo ni rundo lile lile.

Tena nyongeza ya mwani haimtakasi mfugaji aliyekata mikoko ili achimbe mabwawa. Katika miaka ya 1990 ulipendekezwa mradi mkubwa wa mabwawa ya kamba katika delta ya Rufiji, wananchi na watetezi wa mazingira wakaupinga, na haukujengwa. Mikoko ni kitalu cha kamba wa bahari nzima. Akiikata mtu kwa ajili ya kufuga kamba, amekata tawi alilokalia.

Upande wa sheria

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, wanyama wa baharini asili yao ni halali, na kamba ni miongoni mwao. Kwa Mahanafi upo mjadala kama kamba huhesabiwa kuwa samaki, na tusiwadharau ndugu zetu wanaojizuia naye.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni chakula cha mnyama mwenyewe. Fiqhi ina mlango wa jallala, yaani mnyama anayekula najisi. Zimepokewa hadithi za Mtume (S.A.W.) kumkataza, na wanazuoni wakahitalifiana kama ni haramu au ni makruhu, kisha wakaeleza kwamba atengwe na kulishwa chakula safi mpaka nyama yake itakasike. Maana yake sheria yetu ilikwisha kutambua, karne nyingi kabla ya hadubini, kwamba alichokula mnyama kinaingia katika nyama yake. Mfugaji Mwislamu basi ana wajibu wa kujua kilichomo katika mfuko wa chakula. Chembe za mwani zilizolimwa katika maji safi hazina tatizo hilo.

Mafunzo tunayoyapata

1. Kidogo kisidharauliwe. Kiumbe kisichoonekana kwa macho ndicho kinachomlisha kamba, kikamtia rangi na kumpa nguvu.

2. Kila kitu kina kipimo. Asilimia mbili ni faida, na kupita kiasi ni hasara, hata katika jambo jema.

3. Chakula ni amana. Anayefuga ajiulize anamlisha mnyama wake nini, na ni nani aliyekosa kwa ajili hiyo.

4. Swali halichekwi. Aliyeuliza juu ya chungu cha mama yake ametufundisha walimu wake jambo ambalo hatukulijua.

Tunawaomba wanafunzi, siku kamba watakapopikwa nyumbani, wakae karibu na chungu waangalie rangi inavyobadilika, kisha wawaeleze wadogo zao sababu yake. Na nyumba ambazo kamba hawafiki, wawaangalie dagaa. Nao walikula katika jiko lile lile la chembe zisizoonekana.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, riziki ya halali na macho ya kuona neema zake ndogo na kubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq, wallahu a'lam.